Kwa nini Yesu aliwasha moto wa makaa kabla ya kumuuliza Petro?

Je, wajua kwamba neno la Kigiriki *anthrakia*, yaani moto wa makaa, limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote? Na mara zote mbili Petro yupo kando ya moto huo.

Mara ya kwanza ni Yohana 18, uani kwa kuhani mkuu. Usiku una baridi. Mlangoni kijakazi amemuuliza Petro kama ni mwanafunzi wa Yesu, akakana. Sasa anaota moto na watumishi, anaulizwa tena mara mbili, anakana tena. Jogoo anawika.

Mara ya pili ni Yohana 21, kando ya bahari ya Tiberia, alfajiri. Wanafunzi saba wamekesha wakivua, hawakupata kitu. Mtu aliyesimama ufukweni anawaita: “Wanangu, mna kitoweo?” Hawana. Anawaambia watupe jarife upande wa kuume, nao wanapata samaki wakubwa 153.

Wahubiri wengi huishia kwenye muujiza huo. Mimi hunigusa zaidi kilichokuwa nchi kavu: kabla samaki hao hawajafika, makaa yalishawaka, samaki wako juu yake, na mkate upo. Yesu mwenyewe ndiye aliyepika. Kisha anasema, “Njoni mfungue kinywa.”

Mfikirie Petro, aliyejitupa majini kumwahi Bwana wake, sasa amechutama nguo zikichuruzika, na harufu ya makaa ni ileile ya usiku ule. Angeweza kuulizwa palepale: kwa nini ulinikana? Haulizwi. Analishwa. Yohana anaeleza wazi kwamba swali lilikuja walipokwisha kula: Simoni, wewe wanipenda? Anaulizwa mara tatu, idadi ya kukana kwake. Ya tatu ilimhuzunisha, lakini sioni adhabu hapo, maana kila jibu linafuatwa na kazi: lisha kondoo zangu.

Na kwa nini chakula kitangulie? Kwa Wayahudi wa wakati ule, kula mkate wa mtu kulikuwa kifungo cha urafiki. Ndiyo maana Zaburi 41 inamlilia rafiki aliyekula chakula cha mwenzake, kisha akamwinulia kisigino, yaani akamsaliti. Kumpa Petro mkate kulikuwa kumwambia bado ni wa nyumbani. Swali lilipofika, mkate huo ulikuwa tumboni tayari.