Damu kushuka kwa mgonjwa wa kansa sio lazima awe kakosa chuma

Hii kitu imeshakuwa wimbo jamani. Mtu ana kansa, kapimwa wingi wa damu kaambiwa 8, basi ukoo mzima unaona kakosa madini ya chuma, unahamia kwenye rozela, bitiruti, maini na matembele, akipimwa tena haijapanda anaanza kusemwa yeye, "huli wewe, ndo maana". Wakati anajilazimisha kula mpaka anatapika.

Kifupi ni kwamba kuna upungufu wa damu unaoletwa na inflamesheni, yani kinga ya mwili kuwaka muda wote. Kansa inaiwasha, na ikiwaka mwili unakifungia chuma. Ndo hivo tu.

Sasa kinachonikera: kukosa chuma na kufungiwa chuma ni vitu viwili tofauti kabisa. Seli nyekundu inaishi kama siku 120, ikichakaa inamezwa na seli za kinga zinaitwa makrofeji, kwenye wengu na ini, chuma chake kinatolewa kinarudi kutengeneza damu mpya. Kwa siku zinazunguka kama miligramu 20 hadi 25 kwa njia hiyo, ila kinachoingia kutoka kwenye chakula ni 1 au 2 tu! Kwenye inflamesheni kinga inatoa interlukini-6, yani kemikali yake ya kutumia ujumbe, ikifika kwenye ini, ini linamwaga homoni ya hepsidini, na hepsidini inaharibu feropotini ambayo ndo mlango pekee wa chuma kutoka nje ya seli. Basi cha seli zilizochakaa kinabaki humohumo kwenye makrofeji, na cha kwenye utumbo hakivuki, seli za utumbo zikibanduka kinaishia chooni. Rozela itapita wapi hapo? Na mwili hata haujakosea, hii ni mbinu yake ya kuwanyima bakteria chuma, sema kwa mwenye kansa anayenyimwa ni uboho wake mwenyewe, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na juu ya hapo figo nazo zinatoa eritropoetini, homoni ya kuuamsha uboho utengeneze damu, kidogo kuliko inavyotakiwa.

Halafu kuna wale wa kusoma cheti cha maabara nusu. Feritini, yani protini inayotunza akiba ya chuma, imeandikwa 640, huyu anasema chuma kimejaa hana shida. Mwingine anaona ujazo wa transferini, yani kibebeo cha chuma kwenye damu kimejaa kiasi gani, ni asilimia 9, anasema hana chuma kabisa. Feritini inapanda inflamesheni ikiwepo, na ujazo wa transferini unashuka kwa wote, aliyekosa na aliyefungiwa, kwa hiyo moja bila mwenzake haikwambii kitu. Isipokuwa feritini ya 15, hiyo haina mjadala, kakosa.

Na kukosa chuma na kufungiwa chuma vinaweza kukutana kwa mtu mmoja. Mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi anayetokwa damu kila mara, huyo chuma kinampotea kweli na kilichobaki kimefungiwa, feritini yake inaweza kusoma 80 ukadhani yuko vizuri. Bado hujaweka kemo, yani dawa za kuua kansa, inayopunguza kasi ya uboho wenyewe.

Kwa hiyo mkiambiwa damu imeshuka, kabla hamjakimbilia vidonge vya dukani muulizeni daktari imeshuka kwa sababu gani, na vipimo vya feritini na ujazo wa transferini avisome pamoja, maana kuna anayehitaji chuma cha dripu, kuna wa kuongezewa damu, na kuna ambaye haipandi mpaka kansa yenyewe itibiwe. Rozela mpeni kama anaipenda, ila msimseme.