Mtungi wa gesi haukai uvunguni

Juzi niliitwa Isevya, hapa Tabora mjini, kuangalia jiko la gesi. Mama mwenye chumba akainua shuka: mtungi wa kilo 6 umelazwa uvunguni, mpira umevutwa hadi kwenye jiko kule pembeni. "Nimeuficha wezi wasiuone, fundi." Namwelewa. Ukipanga chumba kimoja, kila kitu hulala humo humo.

Lakini uvungu ndio mahali pabaya kuliko pote. Gesi ya mitungi yetu ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi darini kama moshi wa kuni. Hushuka, ikatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikatuama pasipo na upepo. Dirisha la juu haliiondoi. Inataka upenyo wa chini. Na ikishafika takribani asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Kwenye nyumba zetu za kupanga cheche haitafutwi, maana koridoni jiko la mkaa la jirani limebandikwa maharage tangu asubuhi.

Kuulaza nako ni hatari. Ndani ya mtungi mna kimiminika chini na mvuke juu. Ukisimama, hutoka mvuke. Ukilala, kimiminika huweza kuingia kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza presha kinachokaa juu ya mtungi, na kikigeuka gesi hutanuka zaidi ya mara 200. Hapo ndipo moto wa jiko huruka ghafla.

Tukauhamishia kibaraza cha nyuma: umesimama, kivulini, mbali na mkaa, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Wezi nao wamepatiwa jibu. Kisha nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, na penye kibano cha mpira mapovu yakafura. Mpira ule tuliutupa. Tafadhali, msipime uvujaji kwa kiberiti.

Ukisikia harufu usiku usiguse swichi ya taa, hata kwa kuizima. Funga valvu kama unaifikia, acha mlango wazi, toa watoto, na piga 114, Zimamoto, ukiwa nje.

Nikiwa nafunga mkoba mama akauliza kama mtungi ukiisha anaweza kuurudisha uvunguni. Hapana, mama. Jiko likizimika, gesi kidogo bado imo. Funga valvu, uache kibarazani mpaka siku ya kubadilisha.