Trioleini haichemki, jamani

Nimeletewa tena faili la simuleta (programu ya kuiga kiwanda kwenye kompyuta) la kiwanda cha biodizeli, trioleini, molekuli ya mafuta ya mimea, imejazwa kiwango cha mchemko 1,690 K, na aliyelileta ananiambia bila wasiwasi "programu ndo imekadiria". Hiyo ni kama nyuzi 1,417. Shaba imeshayeyuka kitambo hapo, halafu mafuta ndo kwanza yanaanza kutoa mapovu?

Sikuhitaji kuuliza imetoka wapi, ni Joback, ile kanuni ya 1987 inayokadiria kwa kujumlisha namba ya kila kikundi cha atomi kwenye molekuli. Piga mwenyewe: CH2 44 mara 22.88, weka CH3 tatu, esta tatu, =CH sita, ile CH ya katikati, malizia na 198, unatua palepale. Hesabu haina kosa hata moja, shida ni kwamba kanuni inajumlisha tu kwa mstari ulionyooka wakati mchemko wenyewe hupanda kwa kusuasua kadiri molekuli inavyorefuka. Hata methili oleati, esta ya biodizeli ambayo uzito wake ni kama theluthi tu ya trioleini, kanuni inaikosea kwa nyuzi zaidi ya 70. Ukienda kwenye joto la kikomo (ambalo juu yake kimiminika na mvuke havitofautiki tena) ndo vichekesho, maana kanuni inagawanya mchemko kwa mabano, na ndani ya mabano kuna kipeo cha pili kinachotolewa, vikundi vikizidi mabano yanasinyaa badala ya kukua, unapata zaidi ya 4,000 K. Hapo hata tungsteni ni uji.

Halafu wananiomba kanuni nzuri zaidi! Kanuni ya kukadiria nini? Trioleini inavunjikavunjika kabla haijachemka kwenye presha ya kawaida, hicho kiwango hakuna wa kukipima. Unachohitaji ni presha ya mvuke kwenye joto unalofanyia kazi basi. Mimi naikata vipande, mgongo wa gliseroli na minyororo yake mitatu, nalinganisha na data zilizopimwa kwenye vakumu. Methanoli usikadirie kabisa, ishapimwa mpaka imechoka, inachemka nyuzi 64.7. Gliseroli kujitenga na esta ni kazi ya NRTL, modeli ya michanganyiko ya vimiminika, tusipoteze muda.

Ninapotembea gizani ni joto la mmenyuko wa mafuta na methanoli kuwa biodizeli. Unatoa enthalpi (nishati ya joto iliyomo kwenye kemikali) kubwa kwenye enthalpi kubwa, kinachobaki ni kidogo kuliko kosa la makadirio yenyewe. Mmenyuko uleule nimeshaupata unatoa joto asubuhi na unafyonza jioni, nimebadilisha mbinu tu. Siku hizi naweka karibu na sifuri, nachora kipoza joto kikubwa kidogo, na kwenye ripoti naandika wazi kwamba nimekisia.