Tairi linasugua baada ya kubadili rimu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Kigoma mjini siku hizi si ajabu kukuta kigari kidogo cha Kijapani kimevalishwa rimu za spoti pana kuliko zilizokuja nacho. Likitoka kwa fundi pale Mwanga linapendeza. Likiteremka kuelekea Kibirizi na watu ndani, likikata kona, unasikia krrr. Hapo ushauri unaanza kumiminika: weka spesa (bapa la chuma la kuweka nyuma ya rimu), inua springi, ongeza upepo, gonga fenda (bati linalofunika tairi). Kila mtu ana dawa, na karibu hakuna anayeuliza kwanza tairi linagusa wapi. Wakati dawa ya tairi linalogusa shokapu kwa ndani ndiyo sumu ya tairi linalogusa fenda kwa nje.

"Nati zimeingia, basi rimu ni yake."

Nati kuingia kunathibitisha jambo moja tu: idadi ya stadi, yaani zile bolti zinazopokea nati, na mduara wake. Rimu ya 4x100 ina matundu manne kwenye mduara wa milimita 100, basi. Haikuambii itakaa ndani kiasi gani au itatoka nje kiasi gani. Hayo yanasemwa na namba nyingine mbili ambazo muuzaji wa rimu za mtumba hazitaji mpaka umuulize: upana, ambao huandikwa na herufi J, na ofseti, ambayo huandikwa ET. Mara nyingi zimepigwa chapa mgongoni mwa rimu. Futa tope na vumbi la breki utaziona.

ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi ule uso unaolala kwenye habu, kitovu ambacho rimu hufungwa. Ikipungua, tairi linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Tuseme rimu ya zamani ilikuwa 5.5J ET45, na hii mpya ni 7J ET35. Upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani kama milimita 38, na nusu yake, 19, inakwenda kila upande. Ofseti nayo imepungua 10, ikasukuma rimu nzima nje. Kwa hiyo ukingo wa nje umesogelea fenda kwa milimita 29, na wa ndani umesogelea shokapu kwa milimita 9. Pande zote mbili zimebanwa na rimu moja, na nati zote ziliingia vizuri kabisa. Fundi anayelaumiwa kwamba "hakufunga sawasawa" hana kosa hapo. Hesabu ndiyo haikupigwa siku ya kununua.

"Tairi lolote la inchi 15 linafaa, mradi rimu ni 15."

Inchi ni za rimu. Ukubwa wa tairi lenyewe unausoma ubavuni. Andiko 175/65R14 maana yake upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 14. Ukipiga hesabu, kipenyo chote ni milimita 583. Sasa mtu anapanda hadi rimu ya 15 na kuvalisha 185/65R15, kwa sababu ndilo lililopo dukani. Kipenyo kinafika 621. Tairi limekua kwa milimita 38: nusu yake inapanda juu kuelekea fenda, na ukikunja usukani mpaka mwisho inakwenda kutafuta bampa na ile plastiki ya ndani. Angechukua 185/55R15 angepata 584. Rimu imekua, tairi limebaki palepale.

Na mshale wa spidi nao unapotoka. Tairi likikua kwa zaidi ya asilimia 6 kama hapo juu, ile 50 ya dashibodi inakuwa 53 na ushei, ikiwa zamani ulikuwa unasoma sawa. Tochi ya trafiki haijui habari za rimu zako.

"Weka spesa tu, itaacha."

Spesa ya milimita 10 ni sawa na kupunguza ET kwa 10. Kama tairi linagusa shokapu, hiyo ni tiba halali. Kama linagusa fenda, umelipia kuongeza ugonjwa. Ndiyo maana nasisitiza kujua mahali kabla ya kutoa hela.

Kujua hakuhitaji mashine. Paka chaki ukingo wa ndani wa fenda na ubavu wa tairi pande zote mbili, pakia watu, zunguka mtaa wenye matuta na kona, kisha rudi uangalie chaki imefutika wapi. Kwa upande wa shokapu bandika kibonge cha udongo mbichi, uzungushe tairi taratibu likiwa limeinuliwa kwa jeki, halafu pima unene uliobaki. Ukiona udongo umekuwa mwembamba kama karatasi, usijipe moyo, maana tairi linajipinda likiwa kwenye kona. Ukiwa chini hapo tazama pia mpira wa breki unaopita karibu. Ukiwa umeanza kulika, gari lisitoke.

Halafu kuna stadi. Spesa ya kuchomeka inakula urefu wake, na nati inabaki imeshika uzi kidogo. Toyota nyingi ndogo zina stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya 1.5, yaani nati husogea milimita 1.5 kila mzunguko. Nati ikizunguka mara 8 imeshika milimita 12, sawa na unene wa stadi yenyewe. Chini ya hapo mimi siendeshi hata kwenda Ujiji. Hesabu mizunguko kwa mkono. Bunduki ya upepo haikuhesabii.

"Inua gari, tatizo limekwisha."

Kuna ukweli nusu. Kuinua springi kunasaidia tairi linalopanda na kugonga fenda kwa juu. Kwa tairi la mbele linalogusa shokapu hakufanyi kitu, kwa sababu kwenye magari mengi haya shokapu la mbele limefungwa pamoja na habu: vinapanda na kushuka pamoja, na nafasi kati yake na tairi inabaki ileile hata uinue gari mpaka lifanane na lori. Wengi wanalipia springi ndefu kwa shida ambayo ET ya rimu ndiyo imeileta.

Upepo ndio usiseme. Ukiupunguza, ubavu unatanuka na kugusa zaidi. Ukiuzidisha, tairi halihami mahali pake, ila linadunda na kulika katikati.

"Linagusa nikipakia tu, si tatizo."

Huku kwetu gari ni la kupakia. Madumu matano ya mawese ya lita 20 ni kama kilo 90, na hapo hujahesabu watu watatu wa kiti cha nyuma na mizigo yao ya Kasulu. Nafasi unayoiona gari likiwa tupu si nafasi ya kutegemea. Likiingia shimo kwa kasi, ukingo wa fenda ya nyuma unakata ubavu wa tairi kama wembe, na tairi lililochanwa ubavuni halizibwi kama pancha. Ni la kutupa. Mbaya zaidi, mchubuko ukiwa upande wa ndani hutauona mpaka tairi lishushwe.

Kabla ya kuilaumu rimu, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, gari likiwa mahali tambarare. Vipimo vikitofautiana waziwazi, huenda springi ya upande mmoja imechoka au imekatika. Nimeona rimu nzuri zikiuzwa kwa bei ya kutupa, kisha tairi la zamani nalo likaendelea kusugua.

"Gonga fenda ndani kwa nyundo."

Kukunja ukingo wa fenda ni kazi inayojulikana na inafaa kama pungufu ni milimita chache. Lakini hufanywa kwa kupasha rangi joto kwanza na kukunja polepole kwa roli, kile kigurudumu cha kubana ukingo. Nyundo kwenye rangi baridi inaipasua, na mvua za masika zinamalizia kwa kutu. Kukata ndiko kubaya kabisa: fenda za nyuma ni mabati mawili yaliyounganishwa hapohapo ukingoni, ukikata umefungua mlango wa maji na tope.

Alaimenti, yaani kurekebisha mkao wa magurudumu, pia hutajwa sana. Kulaza tairi kidogo kwa juu kunaweza kukupa milimita kadhaa, na ni lazima ufanye alaimenti ukishabadilisha springi. Milimita 29 za ule mfano wa mwanzo haitazirudisha. Hapo dawa ni kubadilishana rimu na mwenye gari ambalo rimu hizo zinalifaa, au kuvalisha tairi jembamba kidogo ambalo bado linakubalika kwa upana wa rimu hiyo.

"Nati za zamani zinatosha."

Hapana, si zote. Rimu nyingi za spoti za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za dukani zina matundu ya koni na zinataka nati za koni. Ukichanganya, nati inagusa kipande tu cha chuma, inalegea njiani, na rimu inaanza kucheza. Mtu anadhani tairi limerudi kusugua. Toyota nyingi ndogo zinataka nati zikazwe kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukiwa umefunga asubuhi na unaelekea Kasulu, beba spana, ukifika zipitie.