Magadi si beking soda

Dhana inayoharibu keki nyingi Nairobi ni hii: kwamba magadi ni beking soda ya bei nafuu. Sivyo. Magadi hutoka Ziwa Magadi, Kajiado, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa jiji. Maji ya chemchemi za moto hukauka kwa jua kali na kuacha ukoko wa madini ya trona, ambamo sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti zimeshikana. Yamechimbwa kibiashara tangu 1911, na mengi huishia kwenye viwanda vya vioo.

Beking soda ni baikaboneti peke yake, iliyosafishwa. Ile kaboneti ya magadi ndiyo kali. Huilainisha githeri upesi, lakini keki huipa ladha ya sabuni na umanjano usiopendeza. Tena magadi ghafi yana floraidi, ambayo ikizidi huwaachia watoto meno yenye madoa ya kahawia. Hata kwenye githeri siyapendi, kwa kuwa huharibu vitamini B1. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Wengine husema beking soda yote ni kemikali ya kutungwa kiwandani. Kiwanda kipo, ndiyo, ila huko Wyoming, Marekani, huanza na trona iliyochimbwa ardhini. Kwingineko hutumika chumvi na mawe ya chokaa, kwa njia aliyoibuni Ernest Solvay wa Ubelgiji miaka ya 1860.

Je, beking soda na beking poda ni kitu kimoja? La. Soda hungoja kitu kichachu: maziwa lala, ndimu au siki. Poda ina soda, asidi kavu na wanga, kwa hiyo maji na moto vyaitosha. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliibuni 1843 kwa sababu mkewe alidhurika na hamira. Mandazi ya maziwa freshi, basi, yatilie poda.

Wala kuzidisha soda hakuumui keki zaidi. Viputo hukua, huungana, hupasuka, na keki hubonyea katikati. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga yatosha kabisa.

Na kule kuchanganya soda na siki ili kusugulia sinki? Povu lile linapendeza macho, lakini viwili hivyo hupunguzana nguvu. Sugua kwa soda kwanza, suuza, kisha ndipo utie siki.