Kupandisha toleo la seva ya kanzidata: dhana potofu na ukweli

Seva ya Ubuntu 22.04 iliyofungwa ofisini Posta au kwenye ghala la Kariakoo, kama fundi hakuongeza chochote, PostgreSQL (programu ya kanzidata) iliyokuja nayo ni toleo la 14. Kila toleo kubwa la PostgreSQL hutunzwa kwa miaka 5, na zamu ya 14 kuacha kupata viraka vya usalama ni Novemba 2026. Kazi ya kupanda haikwepeki, na wengi wataifanya usiku, maduka yakiwa yamefungwa, kwa maelezo waliyookota hapa na pale. Mengi ya maelezo hayo ni kweli nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayopoteza mauzo ya watu.

Dhana: "Ni `apt upgrade` tu, kisha unawasha upya."

Hiyo ni kweli ndani ya toleo moja kubwa, mfano kutoka 14.5 kwenda 14.12, ambako mpangilio wa mafaili kwenye diski haubadiliki. Tangu PostgreSQL 10 ya mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kubwa. Kabla ya hapo zilikuwa namba mbili, kwa hiyo 9.5 na 9.6 ni matoleo makubwa mawili tofauti. Toka 14 kwenda 17 majedwali ya ndani ya mfumo hubadilika, na seva mpya haiwezi kufungua data ya zamani moja kwa moja.

Kwenye Ubuntu na Debian, ukisakinisha kifurushi cha `postgresql-17` kinakaa kando ya 14. Kinaunda klasta tupu (klasta ni seva moja ya PostgreSQL pamoja na folda yake ya data), kwa kawaida kwenye poti 5433, huku 14 ikiendelea kuhudumia watu kwenye 5432. Andika `pg_lsclusters` uzione zote mbili. Usitegemee `psql --version`, maana hiyo ni namba ya programu ya mteja. Uliza seva yenyewe: `SELECT version();`.

Hapa pana mtego mmoja wa vidole. Kabla ya kuendesha `pg_upgradecluster`, amri ya Ubuntu na Debian ya kupandisha klasta, unaondoa ile klasta tupu kwa `pg_dropcluster --stop 17 main`. Ukikosea ukaandika 14 badala ya 17, umefuta data ya kampuni, na amri haiulizi mara mbili. Andika amri zote mchana kwenye faili, mwenzako azisome, usiku mzinakili tu.

Wanaotumia Docker (programu ya kuendesha seva ndani ya kontena) hubadilisha lebo ya picha kutoka `postgres:14` kwenda `postgres:17` na kontena inagoma kuwaka, ikisema data iliandaliwa na toleo jingine. Data bado ni nzima. Rudisha lebo ya 14 na itawaka. Anayeharibu ni yule anayehamaki akafuta volyumu (hifadhi ya data ya kontena) ili "ianze upya". Na kwa picha ya 18 kuna jambo la ziada: njia ya data imehama, volyumu sasa hupachikwa kwenye `/var/lib/postgresql`, si `/var/lib/postgresql/data` kama zamani.

Dhana: "Bakapu ipo, kila usiku inajichukua yenyewe."

Nenda kaiangalie ukubwa wake. Skripti nyingi zimeandikwa `pg_dump duka | gzip > duka.sql.gz`. Nywila ikibadilika, `pg_dump` inashindwa, lakini `gzip` inafunga hewa kwa furaha na kuripoti mafanikio. Matokeo ni faili la baiti 20 kila usiku, kwa miezi. Weka `set -o pipefail` juu ya skripti, na uiandike ikutumie ujumbe amri ikifeli.

La pili, `pg_dump` huchukua kanzidata moja tu. Watumiaji na nywila zao hawamo. Hao wanachukuliwa na `pg_dumpall --globals-only`. Kwa bakapu ya safari hii tumia `pg_dump` ya toleo jipya dhidi ya seva ya zamani:

`/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_dump -p 5432 -Fd -j 4 -f /bakapu/duka duka`

Ile `-j 4` inafanya kazi kwa mikono minne, na `-Fd` inaandika folda ambayo `pg_restore -j 4` itairudisha vilevile. Kisha irudishe kwenye mashine nyingine, hata kompyuta ya mezani, huku saa ikihesabu. Linganisha idadi ya mistari ya majedwali makubwa na jumla ya mauzo ya siku tatu za mwisho. Muda uliopata ndio muda wako wa kweli wa kujiokoa mambo yakiharibika. Kama ni muda wa saa sita na dirisha lako ni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, basi bakapu hiyo haikuokoi kabla ya duka kufunguliwa, na ni afadhali ujue leo.

Dhana: "Lazima upande ngazi moja moja."

Kwa MySQL ni kweli: 5.6 kwenda 5.7, kisha 8.0, kisha 8.4. Watu wameibeba kanuni hiyo hadi kwenye PostgreSQL isikohusika. `pg_upgrade`, zana ya PostgreSQL yenyewe ya kupandisha, ikiwa ya 17 inapokea klasta yoyote kuanzia 9.2. Usichoruka ni kusoma maelezo ya kila toleo la katikati. Kwa mfano, majedwali yaliyoundwa kwa `WITH OIDS` hayakubaliki tangu 12, na `pg_upgrade --check` itakuonyesha ni yapi. Amri hiyo ya ukaguzi haibadilishi data na inaendeshwa seva ya zamani ikiwa hewani, kwa hiyo iendeshe wiki moja kabla.

Dhana: "Tumia `--link`, inamaliza kwa dakika chache."

Hiyo ni hali mojawapo ya `pg_upgrade`, na ni ya haraka kweli, kwa kuwa hainakili kitu. Inafanya mafaili yaleyale yawe na majina mawili, moja la klasta ya zamani na moja la mpya. Ndiyo maana zote mbili lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Umeme ukikatika katikati, kabla seva mpya haijawashwa, bado una njia: faili la `pg_control` la zamani limebadilishwa jina tu kuwa `pg_control.old`, lirudishe jina na 14 itawaka. Lakini ukishaiwasha 17, ya zamani imekufa. Kuiwasha tena ni kuharibu zote mbili, kwa sababu zinaandika kwenye mafaili yaleyale.

Kunakili, yaani `pg_upgrade` bila `--link`, kunataka nafasi: GB 200 za data zinataka GB 200 nyingine, na ziada ya kupumulia. Faida yake ni kwamba 14 inabaki nzima kando. Kwa biashara inayofunga usiku, kunakili ndiyo chaguo letu, na `--link` iachiwe wale ambao diski haitoshi na bakapu yao imekwisha kujaribiwa. Mfumo wa mafaili ukiwa XFS yenye reflink au Btrfs, `--clone` inakupa kasi ya `--link` bila kuiua ya zamani.

Hata hivyo, usidanganyike kuwa ukinakili unaweza kurudi nyuma wakati wowote. Risiti ya kwanza ikishaandikwa kwenye 17, haimo kwenye 14. Kurudi saa nne asubuhi ni kuyaacha mauzo ya asubuhi nzima, au kuyaingiza upya kwa mkono. Kwa hiyo mlango uwe umefungwa wakati wa majaribio: kwenye `pg_hba.conf` (faili linaloamua nani aingie) ruhusu mashine yenyewe na kompyuta moja ya kujaribia, basi. Amueni mapema saa ya mwisho ya kukata shauri, tuseme saa kumi alfajiri. Ikifika hamjaridhika, mnairudisha 14 bila mjadala.

Dhana: "Imewaka na watu wanaingia, kazi imekwisha."

Hapa ndipo simu za saa tatu asubuhi zinapotoka. Hadi toleo la 17, `pg_upgrade` haibebi takwimu ambazo PostgreSQL huzitumia kuchagua njia ya kutafuta data. Bila hizo inakisia. Ripoti ya sekunde moja inageuka ya dakika kadhaa, kichakataji kinafika asilimia 100, na fundi anaanza kulaumu toleo jipya. Dawa yake, kabla ya kufungua mlango:

`vacuumdb --all --analyze-in-stages`

Inapita mara tatu: kwanza takwimu za juujuu ili mfumo utembee, kisha za kati, kisha kamili. Ukienda 18, takwimu nyingi zinahama pamoja na data.

Ukitumia `pg_upgrade` yenyewe badala ya `pg_upgradecluster`, mipangilio nayo haihami. `shared_buffers` inarudi MB 128, na `listen_addresses` inarudi `localhost`, kwa hiyo tawi la Mbagala halioni seva ingawa ofisini yote ni shwari. Na kama data yako ya zamani haina cheki za kurasa (namba za kukagua kama data imeharibika kwenye diski), kwenda 18 kutagoma, kwani klasta mpya ya 18 huzaliwa nazo. Ama uiunde klasta mpya kwa `initdb --no-data-checksums`, ama uzime ya zamani uziwashe kwa `pg_checksums --enable`. Tunapendekeza hii ya pili: diski ikianza kuoza utaambiwa.

Dhana: "Tukihamia mashine mpya, mpangilio wa herufi ni uleule."

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halitoi kelele. PostgreSQL kwa kawaida huazima utaratibu wa kupanga herufi kutoka kwenye glibc, maktaba ya msingi ya mfumo endeshi. Glibc 2.28 ilibadilisha utaratibu huo kwa upana. CentOS 7 na Ubuntu 18.04 ziko upande wa zamani. Debian 10 na Ubuntu 20.04 kwenda mbele ziko upande mpya. Jipime mwenyewe kwenye mashine zote mbili:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ya zamani inatanguliza 11, mpya inatanguliza 1-1. Sasa lete kwenye daftari la bidhaa za Kiswahili. Zamani kitone cha juu kilikuwa kama hakipo, hivyo "Ngano" ilitangulia "Ng'ombe". Upande mpya kitone kinahesabiwa kabla ya herufi, na "Ng'ombe" inatangulia. Indeksi (orodha ya kutafutia data) iliyojengwa kwa mpangilio wa kwanza, ikisomwa kwa mpangilio wa pili, ni kama kamusi iliyochanganywa kurasa: unatafuta "Ng'ombe", unaambiwa haipo, wakati ipo. Mbaya zaidi, indeksi ya kuzuia marudio inamruhusu mteja yuleyule kusajiliwa mara mbili.

Hutokea unapohamisha folda ya data kwa `rsync` au kwa nakala ya kimwili (mafaili yalivyo) kwenda mfumo endeshi mpya. Ukihama kwa `pg_dump` na `pg_restore`, indeksi zinajengwa upya na uko salama. Ukiwa umekwisha kuhama, endesha `REINDEX DATABASE` kwa kila kanzidata, na ukitaka kujua indeksi zipi zimeharibika tumia kiongezi cha `amcheck`. Kuanzia 15 seva inakuonya kuwa toleo la mpangilio halilingani. Kuna amri ya `ALTER DATABASE ... REFRESH COLLATION VERSION` inayonyamazisha onyo hilo. Ukiiendesha kabla ya kujenga indeksi upya, umezima king'ora na moto unawaka.

Dhana: "Nywila hazibadiliki, kwa hiyo kaunta zitaingia tu."

Nywila zinahama zilivyo, ndiyo. Lakini kama zilihifadhiwa kwa md5 (njia ya zamani ya kuficha nywila) na `pg_hba.conf` mpya inadai `scram-sha-256` (njia mpya), hakuna anayeingia. Waorodheshe: `SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';`. Neno `md5` kwenye `pg_hba.conf` linapokea aina zote mbili, kwa hiyo liache kwanza, kisha badilisha nywila moja moja kwa `\password`. Kabla ya hapo jaribu kompyuta ya kaunta iliyo kuukuu kuliko zote: dereva iliyojengwa kwa libpq (maktaba ya mteja ya PostgreSQL) ya kabla ya 10 haiijui scram kabisa.

Dhana: "Tuna seva ya akiba inayonakili kila kitu, tutaitumia kupanda."

Nakala ya kimwili haivuki toleo kubwa. Baada ya kupanda, jenga upya seva ya akiba kwa `pg_basebackup`. Nakala ya kimantiki (inayotuma mabadiliko ya mistari, si mafaili) inavuka, na inapunguza muda wa kufunga hadi dakika chache, lakini majedwali yasiyo na ufunguo wa msingi yatakataa kubadilishiwa au kufutiwa mistari, nguzo mpya hazifuati zenyewe, na vihesabio (vinavyotoa namba inayofuata) havinakiliwi. Usipoviweka kwa `setval` kabla ya kuhamisha kaunta, risiti ya kwanza kwenye seva mpya itajaribu namba 1 na kugongana na risiti ya zamani.

Dhana: "Usiku wowote ni sawa."

Usiku wa kuamkia tarehe 20, wahasibu wakiwa na ritani za VAT, si sawa. Pakua vifurushi vyote mchana. Kama uko nyumbani Mbezi na seva iko mjini, fanya kazi ndani ya `tmux`, ili intaneti ikikatika amri iendelee kule. UPS isiyojaribiwa kwa mzigo wa kweli isihesabiwe.

Dhana: "Futa ya zamani haraka, diski inajaa."

Kama ulitumia `--link`, kufuta hakurudishi nafasi ya maana, kwani mafaili ni yaleyale. Kama ulinakili, iache 14 ikiwa imezimwa hadi upite mwisho wa mwezi mmoja na bakapu ya kwanza ya 17 iwe imerudishwa kwenye mashine nyingine na kulinganishwa. Hapo ndipo `pg_dropcluster 14 main`, baada ya kuisoma hiyo namba mara mbili.