Makovu ya kichocho kwenye ini si sirosisi

Mgonjwa anayetoka kwenye mialo ya Ziwa Albert nchini Uganda, kama Butiaba au Wanseko, akiletwa kwangu kwa sababu ametapika damu, ripoti yangu ya ultrasaundi haiwezi kuishia kwenye maneno "ini lina makovu". Nikiwa daktari wa radiolojia, naona ni wajibu wetu kueleza makovu hayo yamekaa wapi, kwa kuwa makovu ya kichocho cha tumbo na yale ya sirosisi (ini lote kujaa makovu na vinundu) inayoletwa na homa ya ini B au pombe ni maradhi mawili yenye hatima tofauti.

Minyoo ya Schistosoma mansoni huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yasiyotoka na kinyesi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa katika vijitawi vya mshipa mkuu unaoleta damu kutoka utumbo, na uvimbe unaoyazunguka huacha makovu kando ya mishipa hiyo. Seli za ini zenyewe husalimika kwa muda mrefu, hivyo vipimo vya damu vya ini vinaweza kuwa karibu na kawaida huku damu iliyozuiliwa ikifura kwenye mishipa ya umio, ambayo ikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Kwenye skrini, makovu haya hung'aa meupe yakifuata mishipa, na yakikatwa kwa upande huonekana kama pete zenye tundu jeusi katikati. Daktari Symmers aliyafananisha na mirija ya viko vya udongo mwaka 1904. Katika sirosisi, kinyume chake, vinundu huenea ini zima na uso wake huparuza.

Kifuko cha nyongo nacho kinastahili uangalifu. Kichocho hunenepesha ukuta wake, na msomaji mwenye haraka ataandika kwamba kimeambukizwa, kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji bila sababu. Mimi hukikandamiza kwa kifaa cha kupimia nione kama kinauma, na sipimi kabla mgonjwa hajakaa saa 6 bila kula, kwa sababu kifuko kilichojikunja baada ya chakula huonekana kinene pia.

Kichocho na sirosisi vinaweza kukutana katika mtu mmoja, hasa kaskazini mwa Uganda ambako homa ya ini B imeenea. Nikiona uvimbe wa pekee, naomba CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, maana saratani ya ini kwa kawaida huinyonya dawa hiyo mapema na kuipoteza upesi kuliko ini linaloizunguka.

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo, na kwa watoto na vijana makovu machanga yanaweza kupungua. Kwa hiyo mimi huandika upana wa mshipa mkuu kwa milimita, urefu wa wengu, na herufi ya umbo la makovu kwa mwongozo wa Niamey wa kupima madhara ya kichocho kwa ultrasaundi, ambao Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mwaka 2000, ili atakayempima mgonjwa baadaye apate cha kulinganisha.